Pembeni mwa Sahani: Chatne na Achari za Kihindi

Katika mlo wa Kihindi ulioandaliwa kwa utaratibu wa zamani, vitu vidogo ndivyo vinavyotangulia kufika kwenye sahani. Huko Maharashtra, kabla ya wali na kabla ya mboga, mpakuaji huweka chumvi kidogo, kipande cha ndimu, kijiko cha chatne, kachumbari na kipande cha achari, na vyote hivyo hukaa upande wa kushoto wa thali, ile sinia ya chuma yenye ukingo ambayo kila mlaji huwa na yake. Mboga na michuzi hukaa kulia, karibu na mkono unaotumika kula. Kusini, ambako chakula cha sherehe huliwa juu ya jani la mgomba, mpango ni wa namna hiyo hiyo: katika sadya, karamu ya Kerala inayofahamika zaidi kwa sikukuu ya Onam, achari ya embe, achari ya ndimu na mseto wa tangawizi, ukwaju na sukari guru uitwao puli inji hupangwa upande wa kushoto wa jani kabla wali haujamwagwa katikati.

Mpango huo una sababu yake. Mpishi wa nyumba yenye watu wengi hupikia wote kwa pamoja: bibi asiyeweza tena pilipili, mtoto anayeanza kula chakula cha wakubwa, baba mwenye shinikizo la damu, na kijana ambaye hakuna ukali unaomtosha. Chungu kimoja hakiwezi kuwaridhisha wote, kwa hiyo dengu hupikwa kwa kiasi, na kazi ya kukoleza huachiwa mlaji mwenyewe. Tonge moja atalichovya kwenye chatne, la pili ataligusisha kwenye mafuta ya achari, la tatu ataliacha kama lilivyo, na hivyo wali na dengu za kila siku zinakuwa na ladha nne au tano bila mpishi kuongeza sufuria hata moja. Ndiyo maana nashikilia kwamba chatne na achari ni sehemu ya upishi wenyewe, ile sehemu ya mwisho ambayo mpishi ameikabidhi kwa vidole vya mlaji.

Sisi watu wa pwani tumezipokea zote mbili tangu zamani. Ni nadra kuona biriani ya harusi isiyo na achari au kachumbari pembeni, urojo bila chatne haujakamilika, na viazi karai vya jioni huenda na ukwaju. Ila mkono wetu ni mwepesi wa kumwaga. Achari iliyokusudiwa kutosheleza sahani nzima ya wali huliwa kwa vijiko, kisha mtu analalamika kwamba ni chumvi tupu. Malalamiko hayo ni ya kweli, kwa kuwa achari imetengenezwa iwe na chumvi ya kupita kiasi, na inategemea wali, maziwa ya mgando au chapati isiyotiwa chumvi ili kiasi hicho kipate pa kwenda.

Kinachozitenganisha chatne na achari, kwa maoni yangu, ni muda. Chatne nyingi ni za leo: husagwa asubuhi, huliwa asubuhi, na inayobaki jioni haina tena hadhi yake. Achari ni ya mwaka. Hutengenezwa katika majuma machache ya msimu, embe likiwa bado bichi na jua likiwa kali, nayo hufunguliwa wakati ambapo mti hauna tunda. Mambo mengine yote, kuanzia chumvi na mafuta hadi chombo cha kuhifadhia, yanatokana na tofauti hiyo.

Nianze na chatne ya nazi, kwa kuwa ndiyo niliyoila zaidi nilipokuwa nasoma India, na pia kwa kuwa sisi wenye nazi na mbuzi nyumbani hatuna kisingizio cha kuinunua. Kusini mwa India, kuanzia Tamil Nadu hadi Karnataka, huliwa asubuhi pamoja na idli, yaani vitumbua vyeupe vya mvuke vya mchele na dengu, au pamoja na dosa, chapati nyembamba ya unga huo huo uliochachuliwa. Nazi hukunwa weupe wake tu, mkunaji akiacha kabla hajafika kwenye ngozi ya kahawia, maana ngozi hiyo hufifisha rangi. Hutumika na tui lake lote, na chicha iliyokwisha kukamuliwa haifai kabisa. Husagwa pamoja na pilipili mbichi, kipande cha tangawizi, chumvi, maji kidogo, na konzi ndogo ya dengu zilizookwa kavu. Wapishi wa haraka huziruka dengu hizo, na hapo ndipo chatne yao inapoharibika, kwa sababu dengu ndizo zinazoshika maji. Bila hizo, baada ya dakika kumi utakuta maji yamejitenga chini na nazi imebaki juu kama makapi.

Kisha huja moto. Mafuta ya nazi au ya ufuta hupashwa katika kikaango kidogo, hutiwa mbegu za haradali nyeusi mpaka zianze kuruka, halafu dengu ndogo za urad zilizokobolewa mpaka zipate rangi ya dhahabu, pilipili kavu moja iliyovunjwa, na mwisho majani ya mchuzi, ambayo hulia kwa kishindo na kutoa harufu yake yote kwa muda mfupi sana. Papo hapo vyote humiminwa juu ya nazi iliyosagwa, na chatne iliyokuwa baridi na tulivu inapata harufu ya kuunguza na vitu vya kutafuna. Siku ya joto, ikifika alasiri huwa imeanza kuchachuka. Migahawa inayojiheshimu husaga upya mara kadhaa kwa siku, na mgahawa ulioitia maji ili ifike jioni utaujua kwa kutazama tu bakuli.

Kaskazini, chatne ya kila siku ni ya kijani: majani ya dania, nanaa kidogo, pilipili mbichi, chumvi, bizari nyembamba na maji ya ndimu. Ni nyepesi kutengeneza na nyepesi pia kuharibu. Mashine ya kusagia hupata joto, na joto hilo hugeuza majani kuwa rangi ya kijani ya kinamasi, kwa hiyo wanaojua hutumia maji ya baridi kali au vipande vya barafu na kusaga kwa vipindi vifupi. Vishina laini vya dania visitupwe, kwani vina harufu nzuri tena vina maji, lakini vishina vya nanaa huleta uchungu.

Chatne hiyo ya kijani ina mwenzake asiyetengana naye mitaani, nayo ni ile ya ukwaju, tende na sukari guru, yenye tangawizi ya unga, bizari nyembamba iliyokaangwa kavu, na chumvi nyeusi yenye harufu ya kiberiti. Wauzaji wa bhel puri, kitafunwa cha bisi za mchele, ufukweni Mumbai hushika zote mbili, moja kila upande, na pengine ya tatu nyekundu ya kitunguu saumu. Mteja husema tu kama anataka utamu uzidi au ukali uzidi, na mkono wa muuzaji hufanya hesabu. Urojo wetu wa Unguja, wenye bhajia, viazi, chatne na ukwaju ndani ya bakuli moja, unafuata mantiki hiyo hiyo, na nadhani Mhindi wa Mumbai akionja kijiko cha kwanza hatapata shida kuuelewa.

Jambo moja ambalo mashine ya umeme haijaweza kuliiga ni jiwe. Jiwe bapa na mchi wake wa kulaza, au kinu cha kawaida, huponda na kukamua, ilhali kisu cha mashine hukata. Ndiyo maana chatne ya jiwe huwa na vipande vya ukubwa tofauti na mafuta ya viungo huwa yametoka nje. Tofauti hiyo huonekana wazi katika thecha ya Maharashtra, ambayo ni pilipili mbichi na kitunguu saumu vilivyokaangwa kidogo, pengine pamoja na karanga, kisha vikapondwa na chumvi ya mawe. Wakulima huila na mkate wa mtama. Thecha ya mashine huwa uji, na uji wa pilipili hauna mashiko kwenye mkate.

Ziko pia chatne kavu, ambazo husahaulika kila watu wanapozizungumzia hizi za majimaji. Ile ya kitunguu saumu, nazi kavu na pilipili nyekundu ndiyo inayopakwa ndani ya vada pav, mkate wa Mumbai wenye donge la kiazi lililokaangwa. Kusini wana unga wa dengu, ufuta na pilipili uitwao podi, ambao hutengenezewa kishimo katikati, ukajazwa mafuta ya ufuta au samli, kisha idli ikachovywa humo. Hizi hukaa majuma kwa majuma kwa sababu hazina maji, na msafiri au mwanafunzi wa bweni huzithamini kuliko aina yoyote nyingine. Nusu ya chakula cha bweni nilichokula kiliokolewa na podi.

Bengali wanakwenda njia yao peke yao. Kwao chatne haikai pembeni. Huja kama hatua kamili ya mlo, baada ya samaki na nyama na kabla ya vitamutamu, ikiambatana na papadi. Nyanya hupikwa na sukari, tende, zabibu kavu na karatasi tamu ya embe lililokaushwa, juu ya mchanganyiko wa mbegu tano nzima: bizari nyembamba, habasoda, uwatu, shamari na haradali. Katika harusi hutolewa pia ile ya papai bichi lililokatwa vipande vyembamba na kupikwa katika shira ya ndimu mpaka vipande vikaonekana upande wa pili, ndiyo sababu jina lake la mitaani ni chatne ya plastiki. Niliionja mara ya kwanza kwa mashaka, nikaomba tena.

Ningeweza kuendelea na nyingine nyingi: walnati na pilipili huko Kashmir, majani machachu ya rozela huko Andhra, au ile chatne ya siafu wekundu wa miti kutoka Mayurbhanj katika jimbo la Odisha, ambayo mwezi wa Januari 2024 ilipewa hati rasmi ya kulinda jina na asili yake. Siafu hao hupondwa pamoja na chumvi, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili, na uchachu wake unatokana na asidi ya wadudu wenyewe. Sijaila, na siwezi kuizungumzia zaidi.

Achari ni habari nyingine, na hapa nitakaa kidogo. Hyderabad mwezi Mei ni mji wa joto linalopita nyuzi 40, hewa kavu isiyo na tone la unyevu, na huo ndio msimu wa avakaya, achari ya embe ya Andhra Pradesh na Telangana. Familia hununua maembe mabichi, magumu, machachu na yenye nyuzi, na sokoni kuna watu ambao kazi yao ni kuyakata tu, kwa kisu kizito kilichofungwa kwenye ubao. Embe halimenywi wala kokwa halitolewi zima. Hukatwa na kokwa lake bichi ambalo halijakomaa sana, na kila kipande hubaki na sehemu ya ganda gumu la ndani, huku kile kiini cheupe pamoja na utando wake kikitupwa. Ganda hilo ndilo linalokishika kipande kisiwe rojo baada ya miezi sita. Ukikuta achari ya Andhra yenye vipande visivyo na ganda, ujue aliyeitengeneza ametaka kumrahisishia mnunuzi.

Mama mwenye nyumba tuliyopanga, ambaye wapangaji wote tulimwita Aunty kama ilivyo desturi huko, alituruhusu kusaidia kwa sharti moja. "Mkono mkavu, kijiko kikavu, kitambaa kikavu," alirudia kila mmoja wetu alipokaribia. Maembe yalikuwa yameoshwa na kukaushwa yangali mazima. Baada ya kukatwa hayakuguswa tena na maji, bali kila kipande kilifutwa kwa kitambaa cha pamba. Pembeni kulikuwa na beseni la chumvi, unga wa pilipili ya Guntur, mji wa Andhra Pradesh, na unga wa haradali, pamoja na uwatu kidogo na vitunguu saumu vizima. Alitumbukiza vipande vichache kwenye mafuta ya ufuta, akavigaragaza kwenye unga, akaviweka ndani ya mtungi wa kauri, akanyunyiza konzi ya unga juu yake, kisha akaanza fungu jingine, hadi mtungi ukajaa. Mdomo ulifunikwa kwa kitambaa na kufungwa kwa kamba. Siku ya tatu mtungi ulifunguliwa, ukakorogwa kutoka chini, mafuta yakaongezwa mpaka yakasimama juu ya vipande, na siku hiyo nyumba nzima ilikula wali wa moto, samli na avakaya mpya, bila mboga yoyote.

Kinachofanyika ndani ya mtungi si siri. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye embe na kuacha vijidudu bila maji ya kutumia. Uchachu wa embe lenyewe huwazuia wale wanaostahimili chumvi. Unga wa haradali, ukikutana na maji hayo, hutoa ule mvuke mkali unaopanda puani, na mvuke huo huo ni sumu kwa ukungu na bakteria wengi. Mafuta hufunika juu na kuzuia hewa, na ukungu bila hewa hauoti. Kila kinga peke yake ina udhaifu. Ndiyo sababu mtu anayepunguza chumvi kwa ajili ya afya, akaacha mambo mengine vilevile, hushangaa kuona utando mweupe baada ya mwezi.

Pilipili yenyewe, ambayo leo hatuwezi kuitenga na avakaya, ni mgeni. Ilitoka Amerika na kufika India kwa merikebu za Wareno katika karne ya 16; kabla ya hapo ukali ulitoka kwenye pilipili manga, pilipili ndefu, tangawizi na haradali. Wareno hao hao, walioiteka Goa mwaka 1510, waliacha huko mazoea ya siki, na mpaka leo achari za Wakristo wa Goa, zikiwemo za samaki mkavu na za kamba, hushikwa na siki ya tembo la mnazi mahali ambapo wengine wangetegemea jua na mafuta. Waparsi wa Gujarat, wafuasi wa dini ya Zoroasta, nao hutumia siki ya miwa katika achari yao ya harusi, yenye karoti, tende na matunda makavu, ambayo ni tamu kiasi kwamba mtu huila kwa mkate mtupu akasahau nyama iliyo mbele yake.

Gujarat inatuhusu kwa karibu zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya Wahindi walioingia Zanzibar, Mombasa, Dar es Salaam na Kampala walitoka huko, likiwemo eneo lake la Kutch, na mitungi yao ilikuja nao. Wagujarati wanapenda utamu ndani ya ukali. Chundo yao ni embe bichi lililokunwa, likachanganywa na chumvi, manjano na sukari nyingi, kisha likawekwa juani kwenye sufuria iliyofungwa kitambaa chembamba. Hakuna moto. Sufuria hupandishwa darini asubuhi na kushushwa jioni, hukorogwa kila siku, na jua huiyeyusha sukari polepole mpaka shira ikivutwa kati ya vidole viwili ikatoa uzi mmoja. Hapo ndipo hutiwa pilipili ya unga na bizari nyembamba. Chundo iliyopikwa jikoni kwa nusu saa inafanana nayo kwa rangi, lakini embe lake limelegea, ilhali lile la jua bado linatafunika. Wagujarati huila na thepla, chapati za majani ya uwatu wanazofungasha kwa kila safari ndefu.

Punjab hutia embe lao katika mafuta ya haradali pamoja na shamari, uwatu na habasoda, na wakati wa baridi hugeukia koliflawa, tanipu na karoti kwa sukari guru na siki. Wasomaji walioko Ulaya na Marekani watakuwa wameona mafuta ya haradali dukani yakiwa na maandishi kwamba ni ya kupaka mwilini tu. Sababu ni asidi ya eruki, ambayo sheria za huko huiwekea mipaka katika chakula. Kaskazini na mashariki mwa India watu huyapikia kila siku, ila aliye na wasiwasi atumie mafuta ya ufuta.

Achari ya ndimu ndiyo yenye maisha marefu kuliko zote. Ndimu mbivu zenye ngozi nyembamba hukatwa mapande manne, hutiwa chumvi na manjano, na kuachwa juani kwa majuma mengi hadi ngozi ilainike. Miaka ikipita hugeuka kahawia, halafu nyeusi, chumvi ikijikusanya kwa punje kwenye kuta za chupa, na achari ya umri huo hailiwi kwa anasa. Hupewa mgonjwa aliyechafukwa na tumbo, kipande kidogo na uji wa mchele au wali wa maziwa ya mgando. Heshima hii kwa achari ilizaa pia mwiko ambao sina uvumilivu nao: nyumba nyingi zilimkataza mwanamke aliye katika siku zake kugusa chupa, kwa madai kwamba itaoza. Mwaka 2014 tangazo la taulo za kike nchini India lilimwonyesha msichana akiigusa chupa hiyo kwa makusudi, na mjadala uliofuata ulikuwa mkubwa. Kinachoiozesha achari ni kijiko chenye maji, awe amekishika nani.

Ile chatne ya embe inayouzwa Uingereza, laini na tamu, inayoletwa mezani pamoja na papadi hata kabla mteja hajaagiza, ni mtoto wa jikoni kwa wakoloni: embe lililopikwa kwa sukari na siki kama jemu. Siichukii, hasa pamoja na jibini, lakini haifanyi kazi niliyoieleza hapo juu, kwa sababu utamu wake unafunika mchuzi badala ya kuukoleza.

Kwa wanaotaka kujaribu nyumbani Dar es Salaam au Tanga, tatizo letu ni unyevu wa hewa. Jua tunalo, ila si lile kavu la Hyderabad, na embe bichi hufika sokoni wakati mvua za vuli zinanyemelea. Mimi hutia gramu 150 za chumvi kwa kilo 1 ya vipande vya embe, navitandaza juani siku mbili kabla ya kutia viungo, na kuvirudisha ndani mara tu jua linapolegea. Hufuata gramu 100 za haradali iliyosagwa, gramu 100 za unga wa pilipili isiyo kali sana, vijiko viwili vya uwatu, na takriban nusu lita ya mafuta ya ufuta. Mafuta ya ufuta yaliyokamuliwa bila kuchomwa hupatikana, maana Lindi na Mtwara zinalima ufuta mwingi. Yale meusi ya Kichina yenye harufu ya kuungua hayafai. Kitunguu saumu kikiingia, kiingie pale penye uchachu wa kutosha. Kitunguu saumu ndani ya mafuta peke yake, bila asidi, kikiachwa nje ya friji, kinaweza kukuza bakteria wanaotoa sumu hatari ya botulizimu, nao hawaoti mahali ambapo pH, yaani kipimo cha uchachu, iko chini ya 4.6.

Kuhusu chumvi, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku. Achari yenye chumvi asilimia 12 hubeba karibu gramu 2 katika kijiko cha gramu 15, yaani zaidi ya theluthi ya kiasi cha siku nzima. Mwenye shinikizo la damu anafaa kuelekea kwenye chatne ya dania au ya nazi, ambayo chumvi yake yeye mwenyewe anaitawala. Wengine wafuate kipimo cha Wahindi wenyewe: kipande kimoja kwa sahani, kimegwe kidogo kidogo kwa ncha ya chapati.

Mafuta yanayobaki chini ya chupa vipande vikiisha yasimwagwe. Yamekaa na haradali na pilipili mwaka mzima, na kijiko kimoja chake kinatosha kukaangia vitunguu vya dengu, kupaka kuku kabla ya kuchomwa, au kuchanganywa na viazi vilivyochemshwa vya kutia kwenye sambusa. Mwenye chupa mpya anaweza pia kuyamimina juu ya embe la msimu huu, mradi yawe masafi na hayajanuka uvundo wa mafuta ya zamani.